Barua kwa mwanangu: kaburi nililowasimulia

Tanga

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Mistari yako mitatu ya WhatsApp nimeisoma, kisha nikamsomea mama yako. Umeuliza: semina yenu ya Cairo ikiisha mnakwenda Luxor, mna siku mbili tu, je, ile tiketi ya ziada ya kaburi la Tutankhamun, yule mfalme kijana wa Misri ya kale, ina faida, au pesa hiyo bora muipeleke kwingine? Ukamalizia, "si wewe ndiye uliyeingia Baba, tuambie." Hapo ndipo niliposhindwa kukujibu kwa simu. Nimekaa na karatasi tangu Alasiri.

Nianze na mepesi. Mji ule una pande mbili. Mashariki ya mto Nile ndiko kwenye mahoteli, masoko, hekalu la Karnak na hekalu la Luxor lenyewe. Magharibi, jua linakozama, ndiko walikozika wafu wao. Karnak mwende alfajiri kabla ya mabasi ya watalii. Simama katikati ya zile nguzo 134, usisome kibao, usipige picha, usimame tu mpaka shingo iume. Tiketi ya Bonde la Wafalme, huko magharibi walikozikwa wafalme wa kale, inakuingiza makaburi matatu, na la Tutankhamun halimo. Kweli, lile hulipiwa mbali. Ni dogo. Hazina yake haipo, imehamishiwa Giza kwenye makumbusho mapya, hapo hapo jirani na mtakapokuwa. Aliyebaki kaburini ni mwenyewe, kalazwa ndani ya kioo.

Ngazi za kushukia ni 16.

Najua hapo umeacha kusoma. Kwenye hadithi yangu zilikuwa 120, na wewe na kaka yako mkizihesabu kwa kuruka barazani mpaka bibi yenu anafoka. Palikuwa na nyoka pia, na mlinzi asiyepepesa macho. Sasa nisikilize: mimi kaburi lile sikuingia.

Ilikuwa 1987, wakati wa likizo. Mimi na Mngazija, huyo huyo ami yenu aliyekuja harusini kwa shangazi yako na mkoba wa karafuu, tulitoka mabwenini Madinatul-Bu'uth, wanakokaa wanafunzi wageni wa Al-Azhar, tukapanda treni ya usiku. Zaidi ya kilomita 600, nimekalia begi. Siku zile daraja halikuwapo Luxor. Watu, mbuzi na baiskeli, wote kivukoni. Tuliposhuka ng'ambo akanijia bwana mmoja mwenye kanzu ya kijivu, anakokota punda. Akanisalimu. Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha darasani, kila irabu mahali pake.

Akasimama. Akamwita mwenzake aje asikie, eti huyu kijana anasema kama msahafu unavyosomwa. Rukia, miaka miwili nimekaa Cairo, wauza mboga wananicheka kila nikifungua mdomo, kwa kuwa nauliza bei ya nyanya kwa lugha ya hotuba ya Ijumaa. Leo napata mtu wa kunisifu! Ningemfuata hata Sudan.

Mngazija alikuwa ameshatangulia. Yule bwana akanipeleka nyuma ya ukuta wa udongo, akatoa kifurushi cha gazeti, akakifunua kunjo moja baada ya jingine. Ndani mlikuwa na dundu la jiwe, wale wadudu wanaobingirisha mavi ya ng'ombe, rangi ya kijani, ukubwa wa kokwa la embe, tumboni limechorwa maandishi ya kale. Alilikuta shambani, akasema, baba yake akichimba mfereji. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. "Haraka, askari hupita hapa." Nikatoa paundi 18. Nilibakiwa na za kivuko na vijisenti.

Basi ile kauli yangu mnayoniigiza mezani, anayekuharakisha anakuibia, ilizaliwa nyuma ya ukuta ule. Nilikwambia siku unanunua kiwanja, nikamwambia kaka yako na lile gari lake. Mlidhani nimeichukua kwa mashekhe zangu.

Mngazija alipoliona hakusema kitu. Akatoa ufunguo mfukoni, akalikwaruza mgongoni. Chini ya kijani kukatokea nyeupe. Ule mkwaruzo, niliowaambia ni wa sururu ya mchimbaji wa Kizungu, ndio huo, ni wa ufunguo wa kitasa cha bwenini. Wala hakunicheka. Angenicheka ningepona siku ile ile.

Alitaka kunikopesha pesa ya tiketi, nikakataa. Nikasema makaburi ya makafiri yana faida gani, ilhali ndiyo yaliyonipeleka. Yeye akaenda Bondeni, mimi nikashika njia kwa miguu. Nikapita zile sanamu mbili kubwa za mfalme Amenhotep III, ziko kando ya barabara na hazina tiketi, mpaka hekalu la Hatshepsut chini ya jabali. Vijisenti vyangu, kwa nusu bei ya mwanafunzi, vilitosha hapo.

Na hapa nakujibu usiloniuliza. Upande wa kushoto, ghorofa ya kati, kuna ukuta wa safari ya Punt, nchi ya kale. Malkia yule, karibu miaka 3,500 iliyopita, alituma majahazi kusini kwenye bahari ya Sham kutafuta ubani na manemane. Wataalamu wanaiweka Punt pande za Eritrea, Sudan au Somalia. Ukutani utaona mitende, nyumba za mviringo juu ya nguzo zenye ngazi za kupandia, samaki majini, wachukuzi wanapakia miti mizima ya ubani, mizizi imo kwenye vikapu, wanne wanne na mti begani. Chifu wao Parahu anakuja na mkewe Ati, mwanamke mnene hasa, mgongo umebonyea. Nilikuwa nimeondoka nyumbani miaka miwili, mwanangu. Nilipoona wachukuzi wale walivyoinamia mzigo nikakumbuka gati la Tanga, na nikasimama pale mpaka mlinzi akanipa maji.

Baadaye sana nikasoma kwamba yule Ati wa ukutani ni nakala. Jiwe lake la asili lilipelekwa makumbusho ya Cairo. Nilipojua nilikasirika, nikasema nimetapeliwa mara mbili siku moja. Siku hizi sijui kama ni sawa kusema hivyo. Maji ya mlinzi nilikunywa kweli.

Kivukoni jioni Mngazija akanisimulia kaburi. Mvua haikuwepo, upepo haukuwepo, anasimulia tu: ukuta wa manjano kama dhahabu, na nyani kumi na wawili wamechorwa, kila mmoja kwenye chumba chake. Wale nyani wenu mliowapa majina, wewe ukimtaka wa mwisho kwa kuwa hana rafiki, wametoka kinywani mwake. Ngazi na nyoka niliongeza mimi.

Nimejiuliza sana nani alikuwa mwongo mkubwa. Yule aliniuzia dundu, mimi nikawauzia kaburi, tena kwa miaka. Lakini yeye alichukua paundi 18 za mwanafunzi, mimi nimechukua nini? Mlikuwa mnalala vizuri. Hata hivyo mwalimu wako wa darasa la tano aliandika kwenye daftari "ajabu, baba ameingia", nami nikatia saini. Hilo silifurahii. Halafu najiambia, afadhali dundu lilikuwa la uongo. Sheria ya Misri namba 117 ya 1983 ilikwishapiga marufuku kuuza na kununua mambo ya kale. Lingekuwa la kweli ningefungwa, na wewe usingezaliwa wa kuniuliza. Bibi yako naye, kumbuka, hakukubali lilale ndani, likakaa juu ya cherehani barazani hadi leo. Lisafirishe kokote ila Misri. Kule uwanja wa ndege hawana subira ya kusikiliza hadithi ya ufunguo.

Maghribi tulikuwa tumerudi mashariki, hatuna pa kwenda. Ukitazama hekalu la Luxor kwa mbele utaona mnara mmoja wa jiwe wenye ncha. Pacha wake yuko Paris, alisimamishwa huko 1836. Juu ya ua wa mfalme Ramses II umekaa msikiti wa Sayyid Abul-Haggag. Ulijengwa wakati hekalu limefukiwa kwa kifusi, kwa hiyo kifusi kilipoondolewa mlango wake wa zamani ukabaki unaning'inia angani, juu kuliko vichwa vya watalii. Unauingia kwa upande wa mjini, bila tiketi. Tukaswali. Baada ya swala nikaegemea nguzo, nimevua viatu, dundu limo kwenye kiatu kimoja, nikapitiwa na usingizi. Mzee mmoja akaniamsha na chai. Akanieleza maulidi yao ya Shaabani, wanavyozungusha mashua mitaani, akasema mababu zao wa kabla ya Uislamu nao walizungusha mashua ya miungu yao kwenye njia hizo hizo, na picha ziko ukutani chini yetu. Kwa Kiarabu cha nyumbani kwake, nami nikamjibu kwa changu, naye hakunisifu hata kidogo.

Miaka mingi baadaye msikiti ule uliungua, na katika kuukarabati wakabandua plasta. Ndani ya nguzo kukawa na michoro na maandishi ya Ramses, wazi kabisa. Nilikuwa nimeiegemea kwa kichwa.

Sasa kuhusu tiketi yako. Sikuambii nunua, sikuambii acha, maana sina haki. Siku ni mbili, na ukuta wa Punt nao unataka muda wake, na kama pesa ni ya kuchagua mimi ninge... basi. Mama yako anasema nikuache. Nenda na mwenzio, mkubaliane kivukoni, na akitokea wa kuwahimiza mnajua la kufanya.

Ukiingia, nihesabie nyani. Ngazi usinihesabie.

Baba yako