Wasifu wa kazi kwa mhitimu wa sanaa za maonyesho

Dada yangu, nimekuelewa: umehitimu stashahada ya sanaa za maonyesho katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), umetuma wasifu wenye kurasa nne mahali pengi, na hakuna aliyekujibu. Nimewahi kuketi upande wa wanaochagua waigizaji, na nakuhakikishia kwamba kurasa nne hazisomwi.

Andaa wasifu wa aina mbili. Wa jukwaani uwe ukurasa mmoja, wenye picha ya uso iliyo wazi, kimo chako, lugha unazozungumza, na kazi ulizofanya, ukianza na ya karibuni. Sentensi kama "nimeshiriki maigizo mbalimbali" haimwambii msomaji lolote. Andika "Mhusika mkuu, tamthilia ya dakika 70, maonyesho 5, Bagamoyo, 2024", kisha jina la mwongozaji. Kazi za chuoni zinahesabika, mradi useme kwamba ni za chuoni. Wasifu wa pili, wa kupeleka shuleni na kwenye mashirika, ueleze uliyoyasimamia: mazoezi ya watu wangapi, bajeti kiasi gani, na watoto wa rika gani uliowafundisha ngoma.

Usiandike kwamba unapiga marimba ikiwa hujui, kwa sababu kwenye usaili unaweza kukabidhiwa vijiti papo hapo. Nimemwona binti mwenye kipaji akitokwa na machozi kwa hilo. Mtu akikudai fedha ili akupitishie maombi, achana naye. Ukipewa mkataba unaogusa haki za picha na sauti yako, mwone mwanasheria kabla ya kutia saini.