Maandazi asubuhi, njaa saa nne: nibebe nini kazini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza vitenge Kariakoo, naishi Chanika. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku. Nikifika dukani nakunywa chai ya rangi na maandazi matatu. Saa 4 njaa imesharudi na mwili unalegea, nanunua soda na biskuti. Saa 8 nakula wali maharage kwa mama ntilie, saa 10 nasinzia juu ya majora. Nataka kubeba kitafunwa changu mwenyewe ila dukani hakuna friji. Mwenzangu anasema karanga zinanenepesha, bora biskuti za ngano nzima. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, binti. Mimi ni mtaalamu wa lishe, udaktari nawaachia wenyewe.

Njaa ya saa 4 inaanzia kwenye maandazi. Ni unga uliokobolewa, sukari na mafuta. Protini ni kidogo na nyuzinyuzi karibu hakuna. Unga wa namna hiyo haukawii kugeuka sukari kwenye damu, insulini inatoka kuishusha, na baada ya muda unajikuta unatafuta kingine. Sikukatazi andazi. Kula moja au mawili, na badala ya la tatu weka yai la kuchemsha, ambalo lina protini gramu 6 hivi. Lichemshe alfajiri ulile ukifika tu. Kwa joto la Dar usilibakize mpaka mchana.

Soda ndiyo ya kuacha kwanza. Chupa ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na ushei, sawa na vijiko vya chai 7 au 8. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba kubaki chini ya asilimia 5 kuna faida zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Soda moja imeshapitiliza, na bado hatujahesabu sukari ya kwenye chai.

Karanga sasa. Mwenzako ameshika nusu ya ukweli: zina mafuta mengi, ingawa sehemu kubwa ni mafuta yasiyo na madhara kwa moyo. Konzi moja, yaani gramu 30 hivi, ina kilokalori kama 170 na protini gramu 7. Soda yako na pakiti ndogo ya biskuti vinafika karibu mara mbili ya hapo, na bado unashinda na njaa. Ubaya wa karanga ni kwamba zinaliwa huku mtu anapiga soga, kwa hiyo usije na mfuko mzima dukani. Pima konzi yako usiku, ifunge, basi.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya unene, nalo ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mazao. Ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na karanga nazo hushambuliwa na ukungu uleule. Kukaanga hakuimalizi. Kabla ya kukaanga zimwage kwenye ungo, toa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Ukitafuna moja ikawa chungu, iteme. Usione haya mbele ya wateja.

Biskuti za ngano nzima? Pindua pakiti. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta unga wa ngano wa kawaida, sukari na mafuta ya mawese vimetangulia, halafu pumba iko huko mwishoni, umelipia picha ya masuke. Tazama pia safu ya “kwa gramu 100”: sukari ikiwa 20, sehemu moja ya tano ya unachokula ni sukari. Ile safu ya “kwa biskuti 2” iache, sijaona anayeishia mbili.

Kwa hiyo saa 4 kula konzi ya karanga na ndizi mbivu, ambayo imekuja na kifungashio chake. Saa 10 chungwa au nusu parachichi, na korosho chache mfuko ukiruhusu. Matunda yaliyokatwa tayari yanayotembezwa kwenye vikasha yapite, hujui yamekaa juani tangu saa ngapi.

Ila usingizi wa saa 10 usiutegemee kitafunwa peke yake. Unaamka usiku wa manane na unalala umechelewa, mwili unadai chake. Mwambie mama ntilie apunguze wali aongeze maharage na mboga za majani, kunywa maji, na chai ya rangi ikae mbali na mlo kwa saa moja hivi, kwa sababu inazuia madini ya chuma ya kwenye maharage yasifyonzwe vizuri. Kwa mwanamke aliye kwenye umri wa hedhi hilo si dogo.

Fuata hivi kwa wiki kadhaa. Ukiona kulegea kuko palepale, au kuna kizunguzungu, kiu isiyoisha na kwenda haja ndogo kila mara, nenda kituo cha afya wakupime wingi wa damu na sukari. Hapo ndipo utamkuta huyo daktari uliyemwamkia.