Daktari hakuona jeraha. Kesi imekufa?

SWALI: Bi Mkalimani, shikamoo. Binti ya dada yangu ana miaka 9. Anasema mpangaji wa chumba cha uani alimnajisi. Alitwambia baada ya siku 8, na daktari akaandika kwenye P3, ile fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, kwamba hakuona jeraha. Shahidi hakuna. Wazee wa mtaa wanatusihi tuyamalize nyumbani, eti kesi haina miguu. Neno la mtoto peke yake litasimama?
Mama Mdogo, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Nipelekee pole kwa dadako.

Litasimama. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu, katika makosa ya kingono, kumtia mtu hatiani kwa neno la aliyetendewa tu, mradi aridhike kwamba anasema kweli na aziandike sababu zake. Na hiyo P3 isiwavunje moyo. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa, ikikaa papa hapa Mombasa, ilisema kukosekana kwa ushahidi wa daktari si mwisho wa kesi. Siku 8 ni nyingi, mwili wa mtoto hupona upesi.

Umri nao huthibitishwa. Tafuteni cheti cha kuzaliwa mapema, kwani kwa mtoto wa miaka 11 kushuka chini adhabu iliyoandikwa ni kifungo cha maisha, na utetezi hautauachia mwaka hata mmoja.

Wa kuogopwa hapa ni nyinyi wenyewe. Miaka mingi nimetafsiri kortini, na kuna mtoto mmoja simsahau. Hakimu alianza kwa kumuuliza uongo ni nini. Akajibu, "Ni kusema nimekula, na sijala." Nikajua huyu anaaminika. Alipofika kwenye kisa chenyewe akasema, "Mshtakiwa alinitendea kitendo cha unyama." Wakili akainuka polepole: "Unyama ni nini, mwanangu?" Mtoto akageuka kumtazama mamake. Siku ya hukumu yule bwana alikwenda zake, na mimi hadi leo siamini kwamba mtoto yule alidanganya.

Kwa hivyo msimfundishe. Msimrudishe kwenye kisa kila jioni mkimsahihisha. Kama yeye husema "tabia mbaya", aseme hivyo hivyo; kumuuliza zaidi ni kazi ya mwendesha mashtaka. Akiwa na hofu, mwambieni mwendesha mashtaka aombe asikizwe faraghani, nyuma ya pazia, au apewe mtu wa kumsaidia kusema.

Wazee waambieni kwa adabu kwamba shauri hili si lao, wala si la dadako. Wa kuiondoa kesi kortini ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Pesa ya kuficha aibu mtakayopokea leo, wakili ataitaja kortini kuwa ndiyo mliyokuwa mkiitafuta tangu mwanzo.

Nguo alizovaa siku ile, kama bado hazijafuliwa, zitieni kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, mumpelekee mpelelezi leo hii.