Jibu: Maiti kwenye Blow-Up ilikuwepo kweli?

Mkuu, umeuliza kama yule mpiga picha wa filamu ya Blow-Up (ya mwongozaji Antonioni, 1966) aliona maiti kweli au alijitungia kichwani. Kwangu mimi maiti ilikuwepo. Jamaa alipiga picha za wapenzi wawili kwenye bustani ya London, na alipozikuza akaona bunduki kichakani, kisha maiti. Anarudi usiku kwenye bustani hiyo na anaikuta palepale. Tatizo, safari hiyo hakubeba kamera! Akirudi studio, picha zimeshaibiwa, imebaki moja tu. Asubuhi maiti nayo haipo.

Hiyo iliyobaki ndiyo ya kuitazama vizuri. Ameikuza mno mpaka imekuwa chembechembe tupu, na yule mwanamke wa jirani anasema inafanana na michoro ya Bill. Kumbuka Bill, mchoraji, alishasema mwanzoni kwamba anapochora haoni maana yoyote, maana huja baadaye. Basi jiulize: bunduki kichakani aliiona, au aliitafuta mpaka ikapatikana? Hapo ndipo utamu ulipo, siyo kwenye nani kaua. Muuaji hatajwi kabisa, usipoteze usiku kumsaka.

Kuhusu tenisi isiyo na mpira, ile ya mwishoni ambapo vijana wanaigiza tu kucheza: mpiga picha anaombwa aurudishe "mpira", anaurusha, halafu tunaanza kusikia mlio wake. Wengine wanasema kakata tamaa. Mimi naona kakubali tu kucheza na wenzake.

Ukiirudia, vaa hedifoni. Pale bustanini muziki hakuna, ni upepo kwenye majani tu, na spika za simu zinaumeza wote.