Huzuni imepungua, mbona kichwa bado kizito?

SWALI: Daktari, mimi ni mhasibu, nina miaka 34. Niligundulika na sonona na sasa niko wiki ya tano ya dawa. Huzuni imepungua, lakini kichwa kimegoma. Ukurasa mmoja nausoma mara nne, nikiufunika sikumbuki kitu. Kuchagua shati tu asubuhi hunichukua robo saa. Je, ubongo wangu umeharibika?

JIBU: Haujaharibika. Kushindwa kumakinika na kushindwa kuamua ni moja ya dalili 9 tunazotumia kutambua sonona, ingawa wengi wetu, madaktari tukiwemo, huishia kuuliza habari za huzuni na usingizi.

Nyuma ya paji la uso ipo sehemu ya ubongo inayopanga, inayochagua, na inayoshikilia jambo akilini wakati unalifanyia kazi, kama ile tarakimu unayoibeba ukijumlisha kwa kichwa. Katika sonona sehemu hii mara nyingi huzubaa, huku maeneo ya ndani yanayohusika na hisia yakichachamaa. Ndipo wazo lilelile la "mimi si kitu" linazunguka kutwa nzima bila breki, na linakalia nafasi ambayo ukurasa wako ulihitaji. Kwa hiyo huenda hujausahau. Haukupata pa kuingia.

Kliniki huwa namwomba mgonjwa anitajie maneno yanayoanza na "k" kwa dakika moja. Mwenye sonona anaweza kutaja manne, akanyamaza, kisha: "Sijui, daktari." Nikimvumilia, mengine hutoka polepole. Mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni mara nyingi hasemi "sijui". Hubahatisha ili kuziba pengo.

Huzuni hutangulia kuondoka kwa watu wengi, uzito wa kufikiri ukabaki nyuma kwa wiki au hata miezi. Usiache dawa kwa sababu hiyo, ila mweleze daktari wako. Dawa nyingine zenyewe hulegeza akili, na inafaa kupima wingi wa damu, vitamini B12 na homoni za tezi ya shingo. Atakuuliza pia kuhusu pombe na kukoroma, mjibu ukweli. Mawazo ya kujiua yakija, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Shati lichague usiku. Kama asubuhi ndiyo mbaya kwako, hesabu nzito zisogeze mchana, na zile za kufunga mwezi mwombe mwenzako azipitie kabla hujasaini.