Kumfundisha mwalimu teknolojia: anzia darasani kwake, si ukumbini

Mafunzo mengi ya namna hii hufanyika ukumbini mjini: umeme upo, feni inazunguka, na anayebonyeza ni mkufunzi. Mwalimu hurudi Faza au Kizingitini, kisiwani Pate huko Lamu, na cheti, tableti zikabaki kabatini. Afadhali mkufunzi ndiye apande boti. Aulize kwanza maji yanajaa saa ngapi, maana Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, maji yakipwa hapapitiki vizuri, na aulize pia ratiba ya madrasa, kwa kuwa baadhi ya walimu husomesha huko jioni.

Walimu wasizidi sita, wawili kwa kila kifaa, dakika 90 zinatosha. Kila mmoja aje na somo lake la wiki ijayo, achague dakika kumi tu ambazo picha itafanya kazi chaki isiyoiweza, kama vile moyo unavyosukuma damu. Kwa kugawanya na kuzidisha, ubao unatosha, na mwalimu aambiwe hivyo waziwazi. Mkufunzi aweke mikono nyuma. Akishika kipanya yeye, somo limekwisha.

Projekta iwashwe kwanza, kebo ya HDMI inayopeleka picha ichomekwe, ndipo laptopu iwashwe. Yakitokea maandishi "No signal", bonyeza kitufe cha Source kwenye projekta hadi ufike HDMI. Ukutani ikionekana picha tupu bila faili lako, laptopu imeichukulia projekta kuwa skrini ya pili: bonyeza Windows pamoja na P, chagua Duplicate. Haya mawili ndiyo huwaaibisha walimu mbele ya watoto, na aliyeaibika hivyo hagusi tena. Yarudiwe mpaka mkono uzoee. Kisha, katikati ya zoezi, mkufunzi achomoe umeme bila kuaga, aone mwalimu anaendeleaje. Andalio la somo liwe na mstari wake: umeme ukikatika, nafanya nini?

Intaneti msiitegemee. Kolibri ni programu ya bure: masomo yanakaa kwenye laptopu, na tableti huyasoma kupitia ruta bila bando. Video ni nzito, kwa hiyo zipakuliwe mjini kabla ya safari.

Hesabu ya sola wengi huikosea. Tableti ya mAh 5,000 hubeba karibu saa-wati 18.5, thelathini ni 555, na ukiongeza kinachopotea njiani unakaribia 700. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina 1,200, lakini ukiikamua zaidi ya nusu, yaani 600, unaiua mapema. Hivyo tableti thelathini zilizokwisha kabisa haziwezi kujaa usiku mmoja. Chajini kumi kumi.

Adui mwingine ni chumvi. Upepo wa bahari hula matundu ya chaja. Hifadhini vifaa kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Likizo ndefu, tableti ziachwe na chaji kama nusu, mbali na joto la bati.

Baada ya wiki mbili mkufunzi arudi, akae nyuma ya darasa kipindi kizima, kimya. Aandike dakika zilizopotea kabla picha haijatokea. Zikizidi tano, rudieni kebo na Source. Programu mpya isubiri.