Michungwa ya Dodoma: hesabu joto kabla ya kushika bomba la dawa

Kila mwenye michungwa au milimao hapa Dodoma ana ratiba yake ya kupulizia. Wapo wa kila mwisho wa mwezi, na wapo wanaongoja jirani aanze. Mdudu hajui tarehe. Anakua kwa joto.

Nazungumzia wadudu magamba wekundu, vile vidoa vigumu vinavyoganda kwenye vitawi, majani na hata maganda ya matunda. Mkubwa amejifunika gamba, dawa haimfikii vizuri. Wa kuwahi ni watoto, wanapotoka chini ya mama yao wakiwa wa manjano, wadogo mno, wanatambaa kutafuta pa kutua. Wakishatua na kuanza kujifunika, umechelewa.

Mimi nafuata hesabu ya wakulima wa California. Chukua joto la juu la siku na la chini, jumlisha, gawa kwa mbili, kisha toa 11.7, maana chini ya nyuzi hizo mdudu huyu hakui. Kinachobaki kijumlishe siku hadi siku. Kikifika kama 610, kizazi kimetimia na watoto wapya wanatoka; hapo ndipo pa kuwawahi. Siku ya Julai yenye 27 mchana na 14 usiku inakupa 8.8, hivyo kizazi huchukua karibu siku 70. Novemba, kwa 31 na 19, unapata 13.3: siku 46 tu! Ratiba moja ya mwaka mzima itapatia wapi?

Kuanza, zungushia vitawi vyenye magamba utepe unaonata pande zote mbili, uubadilishe kila wiki. Wiki ambayo vidoa vya manjano vinajaa ghafla, anza kuhesabu kutoka sifuri. Kipimajoto kikae kivulini shambani kwako, kimo cha kifua. Joto la redioni ni la mahali pengine.

Hesabu hii naiamini zaidi kwa mawimbi ya mwanzo ya watoto baada ya baridi ya Juni na Julai. Joto likishakolea, vizazi huchanganyikana, na hapo nautazama utepe tu.

Halafu kuna vumbi letu. Miti ya kando ya barabara hushambuliwa zaidi, kwa sababu vumbi huwasumbua nyigu wadogo wanaowaua magamba. Ioshe kwa maji. Ukitumia mafuta ya kupulizia miti, mwagilia kwanza na upulizie asubuhi. Kwenye mti wenye kiu na jua la saa nane, majani yataungua.